Namba ya Ukutani na Mguu wa Dereva

(Haya nimeyazungumza na madereva wa foklifti, makarani na wasimamizi wa maghala hapa Unguja, mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikipiga juu ya bati mpaka mara mbili ikabidi ninyamaze isikike yenyewe. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Mizaha nimeipunguza.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wenyeji wetu wameniomba niseme juu ya mwendo wa foklifti, hizi gari zetu za kunyanyulia mizigo, ndani ya ghala, wakanipa nusu saa. Najua mnachokingoja. Mnangoja niseme haraka haraka haina baraka, mpige makofi, tunywe chai, kisha mrudi kazini mkimbize gari kama jana. Methali hiyo mliijua kabla hamjajua hata kuendesha baiskeli, na haijamzuia mmoja wenu. Kwa hiyo leo sikuja na methali. Nimekuja na chaki, na tepu ya fundi seremala, na kisa changu mwenyewe ambacho sikipendi. Nianze na kisa, nikitue.

Nilikuwa dereva kwenye ghala moja mjini, silitaji jina. Mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaaban, na mnajua wiki hiyo ilivyo: kila mwenye duka kutoka Makunduchi mpaka Nungwi anautaka mzigo wake kabla mwezi haujaandama. Saa tisa alasiri. Nje zege la uwanja linang'aa mpaka unakunja uso. Ndani taa mbili tu ndizo zinazowaka. Nimetoka kuweka paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mzigo, kwenye lori, narudi mtupu, meno ya gari ya kubebea mzigo yako chini, mguu umelala juu ya mafuta. Nikaingia mlangoni, sikuona kitu. Msiseme sikutazama. Nilitazama, nikaona weusi.

Ndani ya weusi ule alikuwamo hamali, mtu mzima, polo la mchele mabegani, anakata kutoka kulia kwenda kushoto. Cha kwanza kukiona ni weupe wa polo. Nililiona polo linakwenda hewani peke yake. Nikakanyaga breki, magurudumu yakafunga, gari ikateleza juu ya punje za mchele zilizomwagika asubuhi na hakuna aliyezifagia, mimi mmojawapo. Nikakata sukani. Na nyinyi mnajua, foklifti ukiikata sukani kinachokwenda ni mkia. Meno yakamkosa. Mkia ukampata mguu, ukambana na rundo la mapolo.

Hakufa, alhamdulillahi. Mguu ulivunjika pahala pawili chini ya goti, na hakubeba tena mzigo maishani mwake. Kila Sikukuu nikimwendea hunikaribisha kahawa na halua, tukakaa tukazungumza mambo ya mpira. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu.

Wiki iliyofuata tajiri wetu akabandika kibao mlangoni, maandishi mekundu: MWISHO KM 10 KWA SAA. Nikapita chini ya kibao kile, nikainamisha macho nitazame dashibodi. Kulikuwa na saa ya kuhesabu kazi ya injini, kulikuwa na joto, kulikuwa na mafuta. Spidomita haikuwapo. Haijawahi kuwapo.

Hebu niulize. Nani hapa gari yake ina spidomita, na inafanya kazi? Inueni mikono.

Minne. Nimehesabu vichwa wakati mnakaa, mmepita thelathini. Basi wengine wote mkiandikiwa namba ukutani mnaandikiwa kitu msichoweza kukisoma. Karani anakwambia "umepita kumi", nawe unamwambia "sikupita", na nyote wawili mnabahatisha.

Tuipe namba hiyo mwili. Piga mstari wa chaki sakafuni, pima mita 10 kwa tepu, piga wa pili. Mpe mtu simu yenye saa ya kuhesabu, asimame pembeni. Gari ikitoka mstari mpaka mstari kwa sekunde 3.6, hiyo ndiyo kilomita 10 kwa saa. Ikichukua sekunde 6, ni kilomita 6. Ikipita chini ya sekunde 2, basi umeshavuka kilomita 18, na umo ndani ya ghala. Usinambie haiwezekani: gari nyingi hizi za kubeba tani mbili na nusu, fundi akiziacha kama zilivyotoka kiwandani, zinafika huko.

Na kama simu haina chaji, kipimo chengine hiki. Kilomita 5 au 6 ni mwendo wa mtu anayekwenda msikitini na keshasikia ikama. Hakimbii, maana tumefundishwa tusiikimbilie sala, tuiendee kwa utulivu. Lakini hasimami na mtu njiani kuulizana hali. Mtu akitembea mwendo huo, pembeni kabisa, mbali na gari, na gari haimwachi wala yeye haiachi, dereva yuko kwenye 6.

Sasa kusimama. Dereva ukimuuliza gari yako inasimama wapi, atakwambia "papo hapo". Papo hapo haipo. Kwanza kuna jicho na mguu. Unaona, akili inakubali kwamba ulichokiona ni mtu, mguu unatoka kwenye mafuta unakwenda kwenye breki. Mtu aliyelala vizuri, tumpe sekunde moja. Mwenye saumu saa tisa alasiri, tumuongezee. Kwenye kilomita 10, sekunde hiyo moja imekula mita 2.8 na breki bado haijaguswa. Kwenye 20 imekula mita 5.6. Ndiyo kwanza sasa breki inaanza. Tuseme sakafu ni kavu, na kila sekunde breki inakupunguzia kilomita 7 hivi za mwendo wako. Kutoka 10 utahitaji karibu mita 2 nyengine mpaka ukasimama. Kutoka 20 mtu atadhani ni mita 4. Ni karibu 8. Jumlisha: aliyekuwa kwenye 10 amesimama kabla ya mita 5. Aliyekuwa kwenye 20 amepita mita 13.

Mwendo umezidi mara mbili, breki imetaka njia mara nne. Hapa ndipo kila mtu anapojidanganya, na mimi nilijidanganya, kwa sababu mguu haujui hesabu hii. Mguu unahisi "nimeongeza kidogo". Na mita 13, bwana, kuna maghala hapa mjini zinakutoa mlangoni mpaka katikati ya mapolo.

Ongeza na jicho linalotoka kwenye jua. Jicho linapoingia kizani linahitaji muda, na kila umri ukienda linahitaji zaidi. Chukua sekunde 4 tu. Kwa kilomita 15, sekunde 4 ni mita 16 na zaidi. Mita 16 unaendesha gari ya chuma nawe ni kipofu. Kwa hiyo mimi nikiulizwa mwendo upunguzwe wapi kwanza, sisemi pembeni, sisemi kwenye njia za kati. Nasema mlangoni. Fika mlangoni, simama, piga honi moja, hesabu mbili, ingia. Na tajiri, taa ya mlangoni ni bei ndogo; weka taa kali hapo hapo unapoingia ili jicho lishuke ngazi kwa ngazi.

(Hapa mvua ilizidi. Nilingoja.)

Wengine mtasema, gari ndogo inakwenda 60 pale Mwanakwerekwe kati ya watu na inasimama, sembuse hii ya 15. Jibu ni kwamba foklifti si gari, inafanana nayo tu. Gari ndogo ina tani moja na kidogo. Foklifti ya kubeba tani mbili na nusu, yenyewe tupu, ina uzito wa karibu tani 4, maana pale nyuma pana donge la chuma la kusawazisha mzigo. Sasa tazama kichekesho. Breki, kwenye gari nyingi hizi, ziko magurudumu ya mbele tu. Ukiwa mtupu uzito umelala nyuma kwenye lile donge. Breki ziko mbele, uzito uko nyuma. Ndiyo maana ukiwa mtupu, siku ambayo unajiona mwepesi na mjanja, ndiyo siku gari inateleza. Mimi nilikuwa mtupu.

Na ukiwa na mzigo? Ukiwa na mzigo breki hata uwe nazo nzuri huwezi kuzitumia zote. Ukishika kwa nguvu gari inasimama na mapolo yanaendelea na safari. Au mkia unanyanyuka, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoshika sukani, kwa hiyo yakiwa hewani wewe ni abiria. Dereva mwenye paleti ya mafuta ya kupikia mbele yake ana breki moja tu ya kweli, nayo ni kutokwenda mbio tangu mwanzo.

Halafu kuna kupinduka. Foklifti ina magurudumu manne lakini imekaa kwa mafiga matatu. Ekseli ya nyuma imeshikwa na pini moja katikati, inacheza juu chini. Mafiga yako basi ni gurudumu la mbele la kulia, la mbele la kushoto, na ile pini. Uzito wote wa gari na mzigo, ukiukusanya uwe kitu kimoja, lazima uangukie ndani ya mafiga matatu, kama sufuria. Mzigo ukiwa juu, sufuria imekuwa ndefu. Ukikata kona, kuna mkono unaoisukuma sufuria kando, na mkono huo nao unakwenda kwa hesabu ile ile ya mara nne: zidisha mwendo mara mbili, unasukumwa mara nne. Tena mtupu anapinduka ubavuni kwa urahisi kuliko aliyebeba mzigo chini chini. Watu hawaliamini hili mpaka waone.

Ikianza kulala, usiruke. Nasema usiruke. Anayeruka huangukia upande ule ule gari inakoangukia, na lile paa la chuma la kumlinda ndilo linalomlalia. Mkanda umefungwa, shika sukani, kaza miguu sakafuni, lala kinyume na upande gari inakoangukia. Mkanda si mapambo. Na wale mnaoufunga nyuma ya kiti ili usipige kelele ya kengele, nimewaona leo asubuhi nilipopita uani, sitawataja.

Niseme kidogo juu ya matuta, maana visiwa hivi tunayapenda. Barabara ikikimbiwa, weka tuta. Nimeona tajiri mmoja akaona hivyo hivyo ndani ya ghala: akamwaga zege, tuta mbili nzuri, akapaka na rangi ya manjano. Foklifti haina springi. Siku ya kwanza paleti ya unga ilivuka tuta la kwanza salama, tuta la pili ikamwagika yote, na dereva hakuwa hata anakimbia. Wiki haikwisha wakalivunja kwa nyundo, na lile kovu lililobaki sakafuni likawa bovu kuliko tuta. Ndani ya ghala sakafu ikae sawa kama meza. Mwendo uzuiwe kwengine.

Sasa niwageukie mabosi, mliokaa mbele kwenye viti vyenye mito.

Dereva hakimbii kwa sababu anapenda upepo. Wachache, vijana, ndio, siwatetei. Wengi wanakimbia kwa sababu kuna mtu mlangoni na ubao anahesabu paleti, na kuna bonasi ya paleti, na kuna sauti inayosema "twende, twende, twende". Unaandika 10 ukutani, halafu unamlipa kwa 20. Atafuata ipi? Kibao hakilipi karo ya skuli.

Tuhesabu basi unachokinunua kwa hiyo sauti. Kontena la futi 40 lenye paleti 20, kutoka kontena mpaka zinapopangwa tuseme mita 40. Kwa kilomita 18, mita 40 ni sekunde 8. Kwa kilomita 9 ni sekunde 16. Kwenda na kurudi, tofauti ni sekunde 16 kwa kila paleti. Mara 20, ni sekunde 320. Dakika 5 na sekunde 20 kwa kontena zima. Na hapo nimewapendelea, kwa sababu ndani ya mita 40 gari haiwezi kwenda 18 njia yote. Inaanza kwa pole na inamaliza kwa pole. Kazi hasa ya foklifti haiko njiani. Iko mwisho wa njia: kuyaweka meno sawa, kuyaingiza, kunyanyua, kurudi rivasi, kushusha bila kuchana polo. Hapo ndipo dakika zilipo, na hapo anayekimbia hupoteza zaidi, maana amefika kombo.

Mkitaka kujua muda wenu unaliwa na nani, mpeni mtu daftari akae siku moja aandike foklifti imesimama kungojea nini. Nilifanya hivyo mwenyewe kwenye ghala moja, siku ya kawaida. Karatasi za forodha hazijafika. Lori limeegeshwa kombo, linatoka na kuingia tena. Ufunguo wa chumba cha pili uko na mtu aliyekwenda kula. Katika saa nane za kazi, gari ilisimama saa mbili na dakika kumi. Halafu karatasi zikifika msimamizi anatoka mbio anamwambia dereva "fidia!" Dereva ndiye afidie ufunguo.

Mtaniambia: tusimtegemee mtu, tufunge spidi gavana kama mabasi. Mimi sipingi. Lakini fungeni kwa akili, maana hili nimeliona likiharibiwa mara nyingi. Gari zetu za dizeli na za gesi, pampu ya mafuta ya kunyanyulia mlingoti, zile nguzo za mbele zinazopandisha meno, inazungushwa na injini hiyo hiyo inayoendesha magurudumu. Fundi wa haraka haraka atakuja na skrubu, ataizuia pedeli ya mafuta isishuke mpaka chini. Umepata mwendo mdogo, kweli. Umepata na mlingoti unaopanda kama mgonjwa. Dereva anangoja, foleni inakuwa ndefu, na siku ya tatu skrubu imelegezwa na hakuna anayejua nani. Simlaumu. Kinachotakiwa ni kifaa kinachosoma mzunguko wa magurudumu na kuzuia mwendo tu, gari ikisimama injini iachwe ipande kwa nguvu zake zote inyanyue. Vifaa hivyo vipo. Muulizeni muuzaji swali hili moja: je, kinapunguza nguvu ya kunyanyua? Akianza kuzungukazunguka, tafuteni mwengine.

Gari za umeme mambo yake mepesi zaidi. Mwendo wa juu umo ndani ya kompyuta ya gari, fundi mwenye idhini anaubadilisha kwa kifaa chake, dereva hawezi kuugusa. Wengi mmenunua gari hizo zimetumika nje, na namba iliyomo ni ya ghala la huko, refu na pana na halina mahamali ndani yake. Hamjawahi kumwita fundi akaibadilisha. Gari nyengine zinajua pia mlingoti umepanda na sukani imekatwa, zinajipunguza zenyewe. Na kuna za kuwekewa alama mlangoni, gari ikiingia ndani inashuka mpaka 6, ikitoka uani inarudi 10. Hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu mlangoni ndipo nilipoharibikiwa.

Namba gani basi? Sheria ya Marekani, ambayo watu hupenda kuitaja, haina namba kwenye jambo hili. Inasema uende mwendo utakaokuwezesha kusimama salama katika kila hali, na ukae nyuma ya mwenzako kwa urefu wa gari tatu. Sheria yetu hapa Zanzibar ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, inamtwisha mwajiri usalama wa watu wake. Bara wana yao ya 2003. Hakuna atakayekuja kukuandikia namba ya sakafu yako. Yangu mimi, kwa maghala yetu haya ambamo mtu na gari wanapita njia moja: 6 ndani, 10 uani, na mlangoni kusimama. Kama umewachorea watu njia yao na wanaifuata kweli, ndani unaweza kwenda 8. Lakini msiichukue namba yangu. Pimeni gari yenu, kwenye sakafu yenu, siku ya mvua, na tairi hizo hizo zilizokwisha mnazosema mtabadilisha mwezi ujao. Kisha tazameni kutoka kwenye pembe ya rundo mpaka pale mtu anapotokeza ni mita ngapi. Mwendo unaosimama kabla ya mita hizo ndio namba yenu. Kama ni 4, ni 4.

Na huko Pemba, wenzetu mliovuka na boti kuja, msimu wa karafuu mnajua wenyewe. Karafuu kavu zikimwagika chini ya tairi gumu ni gololi. Mchele kadhalika. Fagio liwe na mwenyewe, mtu mmoja kwa jina, si "mtafagia".

Kijana pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Sema, mwanangu.

("Mzee, shikamoo. Haya yote sawa. Lakini mimi nikienda pole pole, msimamizi atasema mvivu, ataweka mwengine. Nifanye nini?")

Marahaba. Swali lako ndilo hotuba yote, mengine niliyosema ni sharubati. Wewe peke yako hufanyi kitu. Dereva mmoja anayekwenda 6 katikati ya wanaokwenda 18 ataonekana mgonjwa. Mji huu mwaka 1948 wachukuzi wa bandari waliweka mizigo chini na mji mzima ukasimama. Sikwambieni mgome, tajiri yuko hapa ananitazama. Nakwambia walifanya pamoja. Madereva wote wa ghala moja pimeni mita 10 siku moja, mpeleke karatasi moja, yenye mita na sekunde, kwa msimamizi, mbele ya karani. Sekunde haina ukali, haimtukani mtu. Na wewe msimamizi ukiletewa karatasi ile, ondoa bonasi ya paleti, ipeleke kwenye mapolo yasiyochanika na nguzo zisizogongwa. Nimeona pahala pamoja wamefanya hivyo. Sauti ya "twende, twende" ilikwisha yenyewe, kwa sababu haikuwa na mlipaji.

Bosi ameniashiria saa. Naona na mvua imepungua, basi maneno yanatosha, tutoke uani. Gari iko pale, sakafu imelowa, ndiyo vizuri. Nimepiga chaki ya kuanzia chini ya bati ili isifutike. Boksi la kwanza tupu liko mita 5 baada ya mstari, la pili mita 9, la tatu mita 13. Nikishusha mkono mstarini, dereva ashike breki. Wengine wote nyuma ya kamba, na kamba iko mbali kwa sababu. Wewe bwana mwenye kofia nyekundu, uliyenong'ona kwamba yako husimama papo hapo, nilikusikia. Panda wewe wa kwanza. Hapana, bado, usiwashe.

Mkanda.